Namuuguza mama mkwe anayenitukana, mawifi wamekaa pembeni

Mama, Bwana Yesu asifiwe.

Naomba usilitaje jina langu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Morogoro, nina watoto wawili, wote wa kike. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Zambia na Kongo. Akiondoka ni wiki tatu, mara nyingine mwezi mzima, hasa foleni ya Tunduma ikiwa ndefu. Akirudi anakaa siku nne tano, analala, tunamfulia nguo, anaondoka.

Mwaka juzi mama yake alipata kiharusi akiwa kijijini. Upande wake wote wa kushoto, mkono na mguu, haufanyi kazi. Aliletwa kwangu "kwa muda, mpaka apate nafuu". Hakuna aliyeniuliza. Nilitoka shule jioni nikamkuta amelazwa kwenye kochi sebuleni, mabegi yake yamepangwa ukutani, na waliomleta walikuwa wamekwisha kuondoka. Sikukataa, Mama. Niliwatoa watoto chumbani kwao nikamtandikia humo.

Naamka saa kumi alfajiri. Namgeuza, nambadilisha pampasi, namwogesha, namnywesha uji na dawa za presha, ndipo nawaandaa watoto, na saa moja kasoro niwe nimeshasaini shuleni. Mchana anabaki na dada wa kazi. Wa kwanza alikimbia, wa pili alikimbia, na huyu wa sasa ameniambia wazi, "Mama, bibi akiendelea hivi mimi naenda kwetu."

Maana mdomo haukupooza. Anasema nimemroga mwanawe. Anasema nimeshindwa kumzalia mjukuu wa kiume. Anasema nyumba hii ni jasho la mwanawe, mimi nilikuja na sanduku la bati tupu. Juzi nilikuwa namnywesha uji nimeshavaa kwenda kazini, akautema wote juu ya gauni langu, nikaenda kubadilisha huku nalia. Chakula cha mchana anakula nusu sahani, nusu anaiacha, halafu mgeni akija anaambiwa, "Hapa nashindishwa na njaa." Kabla ya kiharusi hatukuwa marafiki pia. Alitaka mwanawe aoe msichana wa nyumbani kwao, na hakunificha.

Wifi yangu mdogo anaishi hapa hapa mjini. Anakuja Jumapili baada ya ibada na fungu la ndizi, anafunua masufuria jikoni, anampiga mama picha alivyo, kisha picha zinaingia kwenye kundi la familia la WhatsApp na maneno, "Tumwombee mama yetu, hali yake inasikitisha." Wifi mkubwa ana duka Kariakoo. Aliahidi elfu hamsini kila mwezi, ilikuja miezi miwili ikakatika. Lakini mwezi jana tuliona picha zake akiahidi mabati 100 kwenye harambee ya kanisa lao, watu wanapiga vigelegele. Huyo kazi yake ni kutuma sauti usiku kwenye kundi: "Mnamtesa mama." Mama, mimi nimemwandikisha mama mkwe kwenye nafasi ya utegemezi katika bima yangu ya kazini. Mama yangu mzazi hana bima.

Nilimweleza mume wangu. Akasema, "Mvumilie tu mama, ndivyo alivyo." Nilimweleza mzee wa kanisa wa jumuiya yetu. Akasema kila Mkristo ana msalaba wake, nibebe wangu bila kunung'unika.

Sasa hata kusali siwezi, nikipiga magoti nasinzia. Wiki iliyopita nilipiga magoti kando ya kitanda chake alfajiri, nikajisikia nasema, "Baba, mchukue." Sikuomba apone. Niliuogopa mdomo wangu mwenyewe. Je, mimi bado ni mtoto wa Mungu? Nimrudishe kijijini? Na wifi mkubwa ametangaza anakuja Pasaka. Nitamwambia nini bila kuvunja ndoa yangu?

Mkwe aliyechoka, Morogoro


Amina, binti yangu.

Nianze na lililokutisha. Kama Mungu angekuwa anawafuta watoto wake kwa maneno waliyosema alfajiri wakiwa hoi, Biblia ingekuwa kitabu chembamba sana. Musa, akiwa amezungukwa na watu wanaolilia nyama, alimwambia Mungu kwamba hawezi kuwabeba watu wote wale peke yake, mzigo umemzidi, na kama ndivyo atakavyofanyiwa basi heri amuue kabisa. Iko katika Hesabu sura ya 11. Eliya naye alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Akaamshwa ale, akalala tena, akaamshwa ale tena. Wote wawili waliendelea na kazi ya Mungu baada ya maneno hayo. Na wewe hukuomba mabaya. Kumwombea mzee anayeteseka apumzike ni sala niliyoisikia wodini miaka mingi nilipokuwa muuguzi, tena kutoka kwa watu waliowapenda wagonjwa wao kuliko mnavyopendana wewe na mkweo.

Ila usiishie kwenye kilio cha Musa, soma na jibu alilopewa. Mungu hakumwambia avumilie. Alimwambia akusanye wazee 70, nao wauchukue mzigo wa watu pamoja naye, ili asiuchukue peke yake. Mtu amelia kwamba ameelemewa, Mungu akampa watu. Barua yako nayo imejaa watu, na tatizo ni kwamba wote umewaweka fungu moja la watu wanaokutesa. Hawako fungu moja. Kuna mgonjwa, na kuna wazima.

Tuanze na mgonjwa, na hapa nitaongea kama muuguzi kabla ya kuongea kama Mkristo.

Ile sahani inayoachwa nusu. Leo jioni iangalie vizuri: nusu inayobaki ni ya upande gani? Kiharusi kinachopooza upande wa kushoto mara nyingi huharibu pia namna ubongo unavyotambua upande huo. Jicho linaona, lakini ubongo hauna habari kwamba kushoto kuna kitu. Nimewaona wagonjwa wakimaliza wali wote wa kulia, wa kushoto haujaguswa hata punje, na kijiko wameshaweka chini wakilalamika wamepewa kidogo. Ukikuta ndivyo, usibishane naye. Izungushe tu sahani, ile nusu iliyobaki ije kulia kwake, kisha umwone akiendelea kula. Hapo anapomwambia mgeni kwamba anashindishwa njaa huenda hasemi uongo. Anasema alichokiona.

Na uji. Shavu na ulimi vya upande ule navyo ni dhaifu. Uji mwepesi humkimbia mdomoni kabla hajaumeza, akipaliwa anaurusha nje, nawe gauni lako liko mbele. Mkalishe wima kabisa, mto mgongoni, kidevu kimeinama kidogo. Uji uwe mzito kiasi, kijiko kidogo, ukipitishia upande wa kulia ulio na nguvu. Ngoja ameze ndipo umpe kijiko kingine, na akimaliza chungulia shavu la kushoto, maana chakula hujificha pale. Asilazwe mpaka ipite nusu saa. Na vaa gauni la shule baada ya kumlisha, jamani. Kama anakohoa kila anapomeza, mwone daktari mapema, kwa sababu chakula kikipita njia ya hewa kinaleta nimonia. Kliniki pia uwaeleze habari za hasira na kilio. Watu karibu theluthi moja wanaopata kiharusi huingia kwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, na kwa mzee sonona huweza kuja kwa sura ya ukali. Ina dawa.

Sisemi matusi yote ni ugonjwa. Umeniambia mwenyewe kwamba hata zamani hakukutaka, nami naamini. Habari ya sanduku la bati haikutoka kwenye kiharusi. Ilikuwamo ndani siku zote, na ugonjwa umeondoa aibu iliyokuwa ikimzuia kuisema mbele za watu. Hilo linauma, na sitakudanganya kwamba halipaswi kuuma. Ila msamaha kwa mtu wa hali hii usiusubirishe mpaka aombe radhi, kwa sababu huenda uwezo wa kuomba radhi haumo tena. Msamehe kwa Mungu, kila siku kama chakula cha siku, bila kumtangazia. Kisha ujiwekee mpaka. Kumlisha, kumgeuza kila saa mbili ili asipate vidonda, kumsafisha: hizo ni kazi za mlezi. Kusimama mlangoni ukisikiliza mpaka mwisho jinsi ulivyomroga mwanawe si sehemu ya kazi hiyo. "Mama, nimemaliza, nitarudi saa nne kukugeuza." Sema kwa sauti ya kawaida, ondoka. Jawabu la upole hugeuza hasira, ndivyo Mithali 15 inavyosema, wala haikusema jawabu lazima liwe refu. Mfundishe na dada wa kazi sentensi hiyo hiyo, na umwambie kwamba bibi akimtukana wewe uko upande wake. Wale wawili wa kwanza nadhani walikimbia kwa kuona hawana mtetezi.

Jambo la mwisho kuhusu mgonjwa: fungua daftari. Wewe ni mwalimu, daftari halikushindi. Saa, alichokula, dawa, kugeuzwa, choo. Daktari atakushukuru. Litakuja kukufaa na kwa mawifi, lakini usilianzishe kwa ajili yao, maana utaanza kuandika kama mshtakiwa.

Sasa wazima.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mume wako. Mkwe umempa aya nzima. Mawifi umewapa aya ndefu kuliko zote, mpaka hesabu ya mabati naijua. Mumeo nimemkuta mwanzoni akilala na kufuliwa nguo, na mwishoni akisema, "Ndivyo alivyo." Binti yangu, yule mwanamke aliyelala chumba cha watoto ni mama yake. Nadhani unaona vigumu kumlaumu kwa sababu ni mpole, analeta fedha nyumbani na hana ugomvi na mtu. Lakini upole wa mwanamume anayekwepa maneno magumu huwa una bili, na bili hiyo unailipa wewe saa kumi alfajiri. Wifi hafunui masufuria nyumbani kwa kaka yake bila kujua kwamba kaka hatasema kitu.

Paulo anapomwandikia Timotheo kuhusu wajane, katika waraka wa kwanza sura ya 5, anawataja wanaotakiwa kuanza kuwatunza: watoto na wajukuu. Mkwe hakutajwa pale. Najua mtu atakuletea Ruthu, na hata mimi nampenda Ruthu. Ila Ruthu alichagua mwenyewe, njiani, baada ya Naomi kumwambia zaidi ya mara moja arudi kwao. Wewe ulikuta mabegi yamepangwa ukutani. Na Naomi alikuwa amefiwa na wana wote wawili. Hakuwa na binti mwenye duka Kariakoo na mwingine mwendo wa bodaboda. Unachofanya ni chema kuliko unavyojua, lakini ni msaada unaowapa wenye wajibu. Usikubali kiitwe wajibu wako peke yako halafu wenyewe wawe wakaguzi.

Mumeo akisema yuko mbali, mkumbushe Yohana 19. Yesu alikuwa msalabani, akihesabu pumzi, na bado alipanga nani amtunze mama yake, akawaambia wote wawili kwa mdomo wake, mama na mwanafunzi, kila mmoja akasikia. Foleni ya Tunduma ina mtandao wa simu.

Msubiri arudi, umwache alale siku ya kwanza. Siku ya pili, watoto wakiwa shule, keti naye. Usianze na dada zake, ukianza nao atawatetea, ndivyo damu ilivyo. Anza hivi: "Baba watoto, mama nimemtunza na sitaki kumtupa. Lakini peke yangu siwezi tena, nimefika mwisho. Naomba wewe, kwa sauti yako, uite kikao na dada zako kabla ya Pasaka." Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa kumhurumia. Mathayo 18 inasema ndugu akikukosa, nenda umwonye wewe na yeye peke yenu, na asiposikia chukua mmoja au wawili. Mume pia ni ndugu katika Kristo. Akirudia "ndivyo alivyo", wapo wasimamizi wenu wa ndoa, yupo mshenga. Walikula pilau ile siku, na hii ndiyo kazi yao.

Kikao akiongoze baba mdogo au mjomba, mtu ambaye mawifi hawawezi kumkatisha kauli. Wewe usiwe msemaji. Mumeo aweke mezani karatasi moja: pampasi za mwezi, dawa, mshahara wa dada wa kazi, nauli za kliniki, na mchango ambao haujawahi kutajwa, yaani nafasi kwenye bima yako. Wapo wana watatu wa mama huyo. Wakichangia kumtafutia mama yao bima yake, nafasi hiyo uliyoitoa inaweza kumrudia mama yako mzazi, nalo litamkwe wazi bila haya. Wakati huo huo mtume ndugu wa kwenu ofisi ya serikali ya mtaa: wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa gharama za matibabu kwenye vituo vya serikali, na kutambuliwa kunaanzia pale.

Fedha ni nusu tu ya kikao. Nusu nyingine ni zamu, na usikubali wainunue yote. Mtu akisema "mimi nitatuma hela", mumeo aseme asante, na Jumamosi ipi utakuja?

Wifi mdogo usimngoje kikao. Jumapili akifika na ndizi zake, mpokee vizuri, mkaribishe, kisha mpe bakuli na kijiko. Bila kejeli, tafadhali, maana kejeli itamwokoa. "Wifi, karibu, leo mama atafurahi ukimlisha wewe. Mimi naenda sokoni, nitarudi saa nane." Mwonyeshe ile habari ya sahani, mwonyeshe na kona ya kushoto ya mdomo, uende kweli sokoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huyu tangu mama aletwe hajawahi kulinyanyua. Atageuza, atabadilisha, naye ataitwa mchawi, kwa sababu wagonjwa hawa hawachagui. Wiki tatu za hivyo zitafanya kazi ambayo hotuba yako haiwezi. Kama atakasirika aache kuja, basi mtajua alikuwa anakuja kwa ajili ya nini.

Zile picha zikome. Mama aliyelala nusu uchi na mate shavuni hapigwi picha kwa ajili ya watu 40 wanaosoma wakiwa kwenye daladala. Hapo mumeo aandike kwenye kundi mara moja tu: hali ya mama nitawapa mimi mwenyewe, picha za mama akiwa kitandani basi. Wewe usijibu sauti za usiku. Hata moja. Zima simu ulale. Ukijibu saa sita usiku utajibu kama mtu wa saa sita usiku, na maneno yako yatasambazwa.

Wifi mkubwa na mabati yake. Lipo neno kali kwa ajili yake, Marko 7, pale Yesu anapowaambia Mafarisayo kwamba wametafuta njia nzuri ya kuikwepa amri ya kumheshimu baba na mama: mtu anasema mali ambayo ingewasaidia wazazi ni Korbani, imekwisha kutolewa kwa Mungu, basi hawajibiki tena. Sijui kama aya hiyo ilisomwa siku ya harambee, nadhani haikusomwa. Lakini usimtumie wewe. Aya ikitoka kwa wifi haisomwi kama Neno, inasomwa kama tusi, na wewe utakuwa umeitumia kama fimbo. Mwachie mchungaji au mume wako, na ikiwa hakuna atakayesema, mwachie Mungu.

Wewe mtandikie tu. Akija Pasaka, godoro lake liwe chumba cha mama yake, usiku wote atakaokaa. "Wifi, mama amekumiss, nimekutandikia karibu naye." Mwachie saa ya mezani inayolia kila saa mbili na karatasi ya kugeuza, upande gani saa ngapi. Wewe ukalale chumba cha mwisho na watoto wako na ufunge mlango. Usiku wa kwanza atakuita. Nenda umwonyeshe namna ya kushika bega na nyonga, usimfanyie. Asubuhi usiulize amelalaje.

Nimebakiza mzee wa kanisa. Nia yake naamini ni njema, ni jibu tu alilolizoea. Msalaba ambao Yesu alisema tujitwike ni gharama ya kumfuata yeye. Kazi ambayo ndugu wazima wameikwepa haigeuki kuwa msalaba kwa sababu umeachiwa peke yako. Na hata Yesu mwenyewe, msalaba wake wa mti ulipomlemea, walimkamata Simoni Mkirene aliyekuwa akitoka shamba wakamtwika yeye. Simoni hata hakujitolea, alishikwa. Basi wewe nawe ishike jumuiya yako, ila ishike kwa kitu kinachoshikika. Ukisema "niombeeni" wataomba, wataimba pambio moja, watakunywa chai yako na kuondoka. Sema: nahitaji akina mama wawili, Jumamosi, saa nne hadi saa sita, wakae na bibi nipate kulala. Sema: ibada ya jumuiya mara moja kwa mwezi iwe kwangu, chumbani kwake. Mwombe mchungaji amletee mgonjwa Chakula cha Bwana nyumbani, maana nina wasiwasi hajashiriki tangu aletwe, na katika mambo yote mnayombishania hakuna aliyefikiria hilo. Wazee wengi ninaowajua, hata walio wakali, hutulia wakisikia wimbo wa kitabuni walioukariri utotoni. Jaribu kumwimbia unapomwogesha. Huwezi kutukana na kuimba kwa wakati mmoja, ingawa mkweo anaweza kujaribu.

Kuhusu kusinzia ukiwa umepiga magoti: lala. Sala yako kwa msimu huu iwe fupi kama Zaburi ya 13, "Ee BWANA, hata lini," ukiwa umesimama unakoroga uji. Inatosha. Aliyesema "njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo" hakutaja muda wa chini wa kukaa magotini.

Kumrudisha kijijini, kama kule hakuna mtu mzima wa kumgeuza, itakuwa ni kumtupa, na hilo nakukataza. Lakini kikao kikikubaliana akae Dar kwa binti yake miezi mitatu, kisha arudi kwako, hiyo ni zamu halali, na usijione msaliti siku gari linaondoka. Wakikataa vyote, fedha, zamu, kila kitu, muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali mnayotibiwa nini kinawezekana hapo mlipo, na uende na mumeo. Usiende peke yako. Warumi 12 inasema tukae katika amani na watu wote kama yamkini, kwa upande wetu. Upande wako utakuwa umeumaliza. Upande wa mawifi si wako kuumaliza.

Niandikie baada ya Pasaka, hata kama kikao kimeisha kwa kelele. Na uniambie ile nusu ya sahani ilikuwa ya upande gani.